Vichupa Vitatu vya Damu ya Baba

9 Februari

Mbishi, mdogo wangu,

Natumaini vumbi la huko kambini mnakojenga barabara bado halijakumaliza. Dereva wa lori la mafuta ameniahidi kukupa barua hii mkononi. Nimemwambia akikukosa airudishe, asiiache kwa mpishi wala kwa mlinzi. Utaona mwenyewe kwa nini.

Maabara tumepewa kazi mpya. Unayakumbuka yale matangi yetu ya baridi kali, yale uliyosema yanafanana na madumu ya maziwa ya mtu tajiri? Humo ndimo tunamohifadhi vimelea vya malaria vilivyotolewa kwenye damu za wagonjwa. Watafiti wakivihitaji tunaviyeyusha, vinaamka, wanavijaribia dawa mpya. Sasa Mkuu wetu anataka kujua jambo ambalo hapa kwetu hakuna aliyewahi kulikagua: vikikaa humo miaka na miaka, ni vingapi vinaamka vikiwa hai? Na hivyo vinavyoamka, ndivyo vilevile vilivyoingia? Basi tunatoa vichupa vya kila mwaka, vipya na vikuukuu, tunaviyeyusha na kuvichunguza.

Jana nilikabidhiwa vichupa vya mwaka ule. Mwaka aliofariki Baba.

Utakumbuka kwamba alipolazwa alikubali damu yake ichukuliwe kwa ajili ya utafiti. Alitia saini mwenyewe, akamtania muuguzi kwamba hajawahi kuombwa kitu na mwanamke mzuri akiwa amelala chali. Vichupa vyetu havina majina, vina namba tu. Lakini mimi siku ile nilikuwa hapa kwa mafunzo, na namba hiyo niliibandika kwa mikono yangu. Vipo vitatu. Viwili viko safu za juu, kimoja kiko chini kabisa ya tangi.

Nimemweleza Mkuu kwamba ni vya baba yangu, nisije nikaonekana nimeficha. Akasema vitayeyushwa kama vingine vyote.

Nimeona wewe ujue. Baba mdogo sijamwambia, na wewe nakuomba unyamaze.

Dada yako


27 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa juu ya greda. Nikazima mashine, nikashuka, nikaisoma tena chini.

Tangu siku ya mazishi nimekuwa nikisema jambo moja, na ukoo mzima mmekuwa mkiniambia nifunge mdomo. Baba hakuuawa na malaria. Aliuawa na vidonge vya duka la baba mdogo. Ni mimi niliyekuwa nikimshikia kikombe cha maji. Alimeza vyote, hakuruka hata kimoja, na homa ikazidi kupanda kana kwamba anameza chaki. Tulipomfikisha hospitali bado alikuwa na mizaha yake. Kesho yake hakunijua. Na baba mdogo, ambaye mtaa mzima unamwita Dokta, akakaa msibani anapokea pole kama vile yeye ndiye aliyefiwa kuliko sisi.

Sasa fikiri pamoja nami. Vimelea vya Baba unavyo. Viamshe, uvitie dawa ileile, lakini iliyo halali. Vikifa, maana yake ni moja tu: dawa ya kweli ingemponya, na alichouziwa hakikuwa dawa. Hapo sitahitaji shahidi mwingine. Baba mwenyewe atakuwa amesema.

Nakufahamu, Dada. Baba mdogo ndiye aliyekusomesha, na siku ya harusi yako ulitoka nyumbani kwake. Sikulaumu kwa kumpenda. Ninachoomba ni usinifiche kitu.

Mdogo wako,
Mbishi


20 Machi

Mbishi,

Marahaba. Kichupa cha kwanza kimeyeyushwa. Hakuna kilichoamka.

Tumekiweka kwenye kabati la joto, tukakipa damu mpya na kila kitu ambacho vimelea hupenda, tukachungulia kwenye darubini kila asubuhi. Mwanzoni tuliona vivuli vyao, vimesinyaa kama zabibu kavu. Halafu hata vivuli vikaisha.

Usikunje uso. Hivi ndivyo inavyokuwa. Kugandisha kwenyewe kunaua vingi, na kuyeyusha kunaua vingine. Halafu iko hatari moja ambayo ndiyo kwanza tunaipima. Kila mtu anapohitaji kichupa fulani, rafu nzima inavutwa juu, na vile vilivyo safu za juu vinapigwa na hewa ya chumba, vinapata joto kidogo, kisha vinarudishwa kwenye baridi. Mara moja si kitu. Kwa miaka yote hiyo, ni kama kumwamsha mtu kila anaposhikwa na usingizi. Kichupa hiki kilikuwa juu kabisa.

Na kuhusu ule mpango wako wa kujaribia dawa, vichupa vya kila mwaka vinajaribiwa, kwa hiyo vya Baba vikiamka navyo vitajaribiwa. Ila usianze kuandika hukumu. Kinachotoka kwenye tangi si lazima kiwe picha kamili ya kilichoingia. Nakwambia mapema ili baadaye usije ukasema nimeitunga.

Unakula vizuri? Mara ya mwisho ulikuwa na shingo kama ya kuku.

Dada yako


5 Aprili

Dada, shikamoo.

Shingo yangu haina shida. Nina maswali.

Nani alikiyeyusha kichupa? Wewe? Ulikuwa na nani? Kwa nini mlianza na cha juu kabisa, wakati wewe mwenyewe unajua ndicho kilichoteseka kuliko vyote? Na hii habari kwamba kinachotoka si picha ya kilichoingia, mbona katika barua ya kwanza ilikuwa swali la kuchunguzwa, na katika ya pili, baada ya mimi kumtaja baba mdogo, imekuwa jibu?

Mimi najenga barabara, sijui vimelea. Lakini najua mtu anayechimba shimo la kujifichia kabla mvua haijanyesha.

Jingine dogo. Unakumbuka lile boksi la vidonge lilivyokuwa? Nakumbuka rangi tu, na hata rangi yenyewe sina hakika. Wewe una macho ya kushika vitu. Niambie tu, nataka kuondoa ukungu kichwani.

Mbishi


22 Aprili

Mbishi,

Ingekuwa umeniambia hayo ana kwa ana ningekuzaba kibao, mtu mzima na ndevu zako.

Tulianza na cha juu kwa sababu utaratibu unatutaka tutoe vya juu kwanza, kwa kila mgonjwa, si kwa Baba tu. Aliyekiyeyusha ni mimi, mwenzangu akiwa pembeni. Lakini kwa kuwa umenitia neno hilo, nilikwenda kwa Mkuu nikamwomba vichupa vilivyobaki nisiviguse kabisa. Amempa Miwani, yule mama tunayekaa naye meza moja. Miwani hajui namba ipi ni ya nani. Anasoma anachokiona tu. Umeridhika?

Cha pili kimeyeyushwa. Vichache vimeamka. Vichache mno, Miwani alipitia vioo vingi vya darubini kabla hajaona kimoja chenye uhai. Nilisimama nyuma yake, akanipisha bila kuuliza kitu. Nikakiona. Kipete kidogo cha zambarau ndani ya chembe ya damu ya mtu mwingine. Nikajiuliza nikichukie au nikisalimie, maana ndicho kiumbe cha mwisho kuishi ndani ya Baba. Nikaenda kuosha chupa ambazo zilikwisha kuoshwa.

Sasa tunasubiri viongezeke ndipo vijaribiwe na dawa.

Boksi lilikuwa la kijani, lenye mstari mweupe upande mmoja na picha ya jani. Vidonge vilikuwa vya njano. Kwa nini unauliza?

Dada yako


14 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani saa za kazi, jambo ambalo hujawahi kuniona nikilifanya. Duka limefungwa na limebandikwa karatasi yenye muhuri.

Walikuja wakaguzi wa dawa, mwanamume na mwanamke. Nikawakaribisha, nikawafungulia makabati, maana huja kila mwaka na sina cha kuogopa. Lakini safari hii hawakuangalia makabati. Yule mwanamke aliniuliza, "Mzee, yale maboksi ya kijani yenye mstari mweupe na picha ya jani uliyapata kwa nani?"

Nikamwambia, "Mama, hayo sijayauza tangu kaka yangu azikwe."

Akanijibu, "Ndiyo hayohayo tunayoyauliza."

Walichukua sampuli za dawa zangu zote, wakanifungia mpaka uchunguzi ukamilike. Watu walisimama ng'ambo ya barabara. Mama muuza mkaa, niliyemtibia watoto wake wote, alivuta kanga mdomoni na kuangalia pembeni.

Mwanangu, dunia hii ina watu wangapi wanaokumbuka boksi lile? Shangazi yako alikwisha kufa. Mbishi siku zile alikuwa analia tu, haangalii kitu. Wewe ndiye uliyeyaokota maboksi matupu kitandani baada ya mazishi ukayatupa. Na wewe ndiye unayefanya kazi na watu wa dawa.

Sikulelewa kumtuhumu mtoto kwa barua. Kama una neno na mimi, nauli unayo na mlango unaujua.

Baba yako mdogo


16 Mei

Mbishi,

Nakuuliza mara moja. Umefanya nini?

Baba mdogo amefungiwa duka. Wakaguzi walimtajia boksi la kijani, mstari mweupe, picha ya jani. Ni maneno yangu, kwa mpangilio wangu. Nilikuandikia wewe kwa sababu uliniambia una ukungu kichwani. Sasa ananitazama mimi kama nyoka aliyemlea chumbani.

Majibu ya kichupa cha pili yametoka. Ninayo hapa mezani. Sikupi mpaka uniambie.

Dada


1 Juni

Dada,

Niliwaandikia. Nilitia jina langu kamili, sikujificha kwao. Nilijificha kwako tu, kwa sababu ungenizuia.

Na sijutii. Wewe ungeendelea kuchungulia vioo hadi vichupa viishe, kisha ungeniandikia kwamba sayansi ina mambo mengi. Mimi nilimshika Baba mgongo akitapika maji matupu. Wewe ulikuwa mafunzoni, ulifika siku ya hospitali.

Sasa nakuambia ninavyoona. Majibu yangekuwa yanamsafisha baba mdogo ungeniletea mbio, ungemtuma dereva usiku na mchana. Unayashikilia kwa sababu yanamtia hatiani. Dawa iliviua, sivyo? Sema basi. Au nije huko nimwulize huyo Miwani?

Mbishi


10 Juni

Baba mdogo, shikamoo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliona naandika ili nionekane mwema. Nitakupa mambo yalivyo.

Aliyekwenda kwa wakaguzi ni Mbishi. Aliyemwelezea boksi ni mimi, bila kujua anataka kulifanyia nini. Kwa hiyo hukukosea sana.

Tena kuna jambo zito zaidi. Damu ya Baba ipo hapa kituoni, kwenye baridi, tangu alipolazwa. Tunachunguza jinsi vimelea vinavyovumilia kukaa muda mrefu, na vyake vimo. Mbishi anataka vitumike kukuhukumu. Anasema vikiuawa na dawa halali, basi ulichomuuzia Baba hakikuwa dawa.

Vimeuawa, baba mdogo. Kwa kipimo kidogo tu.

Tafadhali usiiweke barua chini, endelea kusoma. Vilivyoamka vilikuwa vichache sana. Katika vichupa vya wagonjwa wengine wa mwaka uleule tumeanza kuona kitu. Wapo walioingia na aina mbili za vimelea katika damu moja, tunajua kwa sababu vipimo vya wakati ule vipo. Miaka kwenye baridi inachuja kama chekeche. Aina moja inapona, nyingine inakwisha, na anayeangalia leo atadhani ilikuwepo moja tu. Vilivyotusemea juu ya Baba vinaweza kuwa ni vile tu vilivyovumilia baridi. Vingine labda vilikufa vikiwa na habari tofauti.

Siwezi kukuambia uliuza nini. Kimebaki kichupa kimoja, cha chini kabisa, ambacho hakijawahi kuvutwa juu. Nacho naogopa. Kikikwisha, hakuna tena pa kuuliza.

Mwanao


18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma hadi mwisho kama ulivyoniagiza, ingawa katikati nilivua miwani nikafuta macho.

Mbishi anadhani amegundua jambo. Mwambie mimi nililigundua kabla yake. Homa ya kaka ilipogoma kushuka, nilirudi dukani nikafungua boksi la aina ileile, nikatafuna kidonge kimoja. Kilikuwa kichungu kama inavyotakiwa. Nikatulia. Kisha nikawaza, uchungu ni kitu gani, si mtu yeyote anaweza kuutia? Nikamtafuta yule wakala aliyeniletea mzigo. Simu haikuita. Ofisi yake nilikuta wanauza viatu. Maboksi yaliyosalia nikayachoma nyuma ya nyumba, na hapo ndipo nilipofanya ujinga, maana ningeyapeleka yakapimwe ningejua. Sikutaka kujua. Nilikuwa na maiti ya ndugu yangu ndani.

Tangu hapo sijui. Mtu akija dukani na mtoto anayetetemeka, nampa dawa, halafu jioni natafuta kisingizio cha kupita kwao nione kama anacheza. Watu husema Dokta ana huruma. Si huruma.

Kiyeyusheni hicho cha mwisho. Usikitunze kwa ajili yangu. Lakini majibu utuandikie mimi na Mbishi barua moja, maneno yaleyale, siku ileile, asiwepo wa kusema mwenzake kapewa tofauti.

Baba yako mdogo


25 Julai

Baba mdogo, shikamoo. Mbishi, salamu.

Hii naiandika mara mbili, neno kwa neno, na Mkuu wangu amezisoma zote mbili.

Kichupa cha tatu kimeyeyushwa na Miwani. Nilikuwa chumba cha pili. Vimeamka vingi, kuliko kichupa chochote cha mwaka ule. Kule chini baridi haikuwahi kuguswa.

Tulipovitia dawa, kundi moja lilikufa haraka, kama lile la kichupa cha pili. Kundi la pili halikufa. Lilisinyaa, likalala kidogo, kisha likaanza kuongezeka tena ndani ya dawa ileile halali iliyotoka kiwandani. Miwani alirudia tangu mwanzo akidhani amekosea. Ikawa vilevile.

Kwa hiyo Baba alikuwa na aina mbili. Moja ingeponywa na dawa nzuri. Nyingine ingeweza kuishinda hata dawa nzuri. Kichupa cha pili hakikutudanganya, ila kilibakiza upande mmoja tu wa kesi.

Sasa nisikilizeni. Hili halisemi kwamba vidonge vya kijani vilikuwa vizima. Kama vilikuwa vibovu, Baba angekufa. Kama vilikuwa vizima, bado angeweza kufa. Mbishi, usinitake niende mbele ya hapo. Baba mdogo, na wewe usinitake nirudi nyuma ya hapo. Vichupa vimekwisha. Hakuna cha nne.

Binti na dada yenu


30 Agosti

Dada, shikamoo.

Nakuandikia kutoka kwa baba mdogo. Kaa chini kwanza.

Barua yako ilinikera wiki nzima. Niliisoma nikitafuta mahali ulipopindisha, sikupaona, nikakereka zaidi. Mwisho nikaomba ruhusa, nikapanda lori. Sikuja kuomba radhi. Nilitaka kumtazama usoni nikimuuliza, nione macho yanakwenda wapi.

Nilifika mvua inamwaga, kichwa kinanigonga tangu njiani. Alifungua mlango, akanitazama kuanzia viatu.

"Umekuja kama mtoto au kama mkaguzi?"

Nikamwambia, "Bado sijui."

"Basi ingia, utajua ukiwa umekauka."

Sikufika kwenye kiti. Alinishika paji la uso, akaenda chumbani, akarudi na kipimo cha kidole. Mistari miwili. Malaria, Dada. Mimi mwenye kesi ya malaria. Na daraja la kwenda hospitali lilikuwa limefunikwa na maji. Mjenzi wa barabara nimezuiwa na kidaraja ambacho ningekijenga kwa mkono mmoja.

Kabatini mwake nyumbani alikuwa na boksi la dawa kutoka dukani, ambalo wakaguzi hawakulikuta. Lilikuwa jeupe, si la aina ile. Nililiona. Yeye alilishika, akalirudisha, akafunga mlango wa kabati.

"Tutangoja maji yapungue," akasema. "Nitakukanda."

Nikamuuliza, "Hiyo si dawa?"

"Imeandikwa dawa."

"Imekwisha muda?"

"Haijaisha."

"Sasa?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda na ndoo ya maji miguuni. "Mtoto wa kaka yangu," akasema, "mimi na wewe tunawaza kitu kimoja. Sitaki kukuona unameza huku unaniangalia mkono."

Nilitetemeka mpaka meno yakawa yanagongana. Nikamwona anavyokamua kitambaa, polepole, pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akimkandia Baba. Hilo nilikuwa nimelisahau. Miaka yote nilikumbuka vidonge tu. Alikuwepo pale kila jioni anamkanda, na mimi nilikuwepo nimeshika kikombe.

Nikamwambia anipe. Akakataa. Nikamwambia, "Baba mdogo, nipe, la sivyo nainuka naichukua mwenyewe nianguke na kabati." Akanipa. Sikuangalia boksi.

Nimemeza.

Kwenye ukurasa wa pili nakueleza yaliyofuata. Homa ilicheza na mimi, ikashuka, ikapanda, na kila ilipopanda yeye alitoka nje kusimama uani kwenye mvua. Halafu ikashuka na haikupanda tena. Maji yalipopungua alinipeleka hospitali akinishika kiuno, na akawaambia wachukue damu mara mbili kwa mashine mbili. Safi. Akamwomba yule wa maabara arudie tena, hadi jamaa akamuuliza, "Mzee, unatafuta nini?"

Sikumwuliza lile swali lililonileta. Macho yake nimeyaona ya kutosha. Nimekwenda kwa wakaguzi kueleza majibu yako. Wanasema dawa zake za sasa zimepimwa, ziko sawa, duka litafunguliwa wakimaliza taratibu zao. Boksi la zamani hawawezi kulisemea. Nimewaambia hata sisi hatuwezi.

Mdogo wako,
Mbishi


8 Septemba

Mbishi, mdogo wangu,

Marahaba. Uliniambia nikae chini, sikukaa. Barua yako niliisomea ukumbini, nimesimama, glavu mkono mmoja.

Nilipofika kwenye "Nimemeza", ukurasa uliishia hapo. Sikugeuza. Nilimwambia Miwani anishikie zamu, nikachukua mkoba, nikatoka hata koti sijavua. Nilikuwa nahesabu mabasi kichwani. Mlinzi wa getini akaniona, akaniuliza, "Mama, kuna msiba?"

Nikamjibu, "Mdogo wangu amepewa dawa mbaya na baba yetu mdogo."

Nilisema hivyo, Mbishi. Kwa mlinzi, kwa sauti, bila kusita. Mimi niliyekukemea kwa miaka yote. Mimi niliyeandika kwa mkono wangu kwamba hatuwezi kujua.

Akaniletea kiti chake. Hapo ndipo nikaona bado nimeshika barua, na ina ukurasa wa pili.

Nimefurahi umepona, nimefurahi hata siwezi kueleza, na bado nimebaki na jibu nililolitoa getini. Lilikuwa limekaa humu ndani muda wote, na mimi nikidhani halimo.

Jumamosi nakuja. Nitamweleza baba mdogo mwenyewe nilichomwambia mlinzi, kisha akitaka kunikaribisha ndani, nitaingia.

Dada yako